Kiangazi na majani ya uani: usimwagie kila siku

Vuli ikishakata, watu wa Dar tunaanza kuangalia nyua zetu kwa huruma. Januari na Februari upepo wa kaskazi unakausha kila kitu, jua linafika nyuzi 32 na zaidi, na masika hayaji hadi Machi. Hapa Kigamboni majirani wananiuliza swali lilelile kila mwaka: nimwagie mara ngapi kwa siku? Nikiwajibu kwamba mara mbili kwa wiki zinatosha, wengine wanadhani nawatania.

Tupige hesabu kwanza. Kwenye joto, majani ya uani yanahitaji maji ya kama milimita 25 kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo uwanja wa mita 10 kwa 10 unakula lita 2,500 kila wiki, simtanki mbili na nusu za lita elfu moja. Kama unanunua maji ya boza, hiyo peke yake itakufanya ufikirie upya. Na mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao, hata mwenye hela alitafuta maji ya kuoga kwanza.

Ndiyo maana mimi siku hizi nachagua. Kipande cha mbele ya baraza, watoto wanapochezea, nakinywesha ipasavyo. Kule nyuma naacha kugeuke kahawia. Ukoka haufi kirahisi: majani ya juu yanakauka, lakini vikonyo vilivyo chini ya udongo vinabaki hai vikingoja mvua. Kinachouumiza zaidi ni kuushtua, leo unaumwagia hadi uchipue, kesho kutwa unausahau wiki mbili, kisha unaanza tena. Amua mapema: kipande hiki kinakunywa, kile kinalala. Kilicholala kipe maji kidogo kila baada ya wiki mbili tatu, basi.

Sasa namna ya kumwagia. Ukimwona mtu amesimama na mpira jioni, kidole kimeziba mdomo wake, maji yanarushwa huku na huku, uwanja wote unang'aa. Chukua kisu uchimbe pale alipopita. Mara nyingi utakuta unyevu umeishia urefu wa ukucha, chini yake mchanga mkavu kabisa. Mizizi inafuata maji yalipo, na yakiwa juu tu nayo inabaki juu, ikichomwa na jua la saa nane. Mwagia alfajiri, kuanzia saa kumi na moja, na umwagie kweli. Panga makopo matupu ya nyanya uwanjani. Kila kopo likifikisha sentimita moja na robo, funga bomba, urudie baada ya siku tatu au nne. Udongo wetu ni mchanga, ukiweka maji ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja sehemu kubwa inapita chini bila kufaidisha mzizi. Baada ya hapo choma bisibisi ardhini: ikizama yote bila kusukumwa sana, umemaliza kazi.

Kama hujui siku ya kumwagia imefika, katiza uwanjani jioni kisha geuka nyuma. Nyayo zako zikibaki zimechoreka, na majani yamekuwa na rangi ya kijivu, ni kiu hiyo.

Walio karibu na bahari wana shida nyingine, maji ya kisima yenye chumvi. Kumwagia kidogokidogo kila siku kunaiacha chumvi juu, mpaka ardhi inafanya ukoko mweupe. Maji mengi kwa mara moja yanaisukuma chini. Kama bado hujapanda, chagua paspalamu au majani ya Pemba, yale mapana ya pwani. Yote mawili yanavumilia chumvi, na ya Pemba yanastahimili hata kivuli cha mwembe.

Ugomvi wangu mkubwa, lakini, ni na fyekeo. Vijana wa bustani wanapenda kukata kipara, na wenye nyumba wanafurahi kwa sababu wanaona wamefaidi hela yao. Kiangazi usikubali. Ukoka uache sentimita nne au tano, majani ya Pemba sita mpaka nane, na kila ukikata usiondoe zaidi ya theluthi moja. Weka kiganja kwenye udongo ulio wazi mchana, halafu kiingize chini ya majani marefu hapo pembeni. Tofauti ya joto utaisikia mwenyewe. Mabaki ya kukata yaache palepale yafunike ardhi. Na huyo dada anayefagia uwanja kila asubuhi kwa fagio la chelewa, mwombe atumie reki kwa wepesi, maana chelewa zinachokonoa mpaka vikonyo vinabaki nje.

Yuria usiiguse kwa sasa. Ina nitrojeni asilimia 46, inalazimisha majani machanga yanayotaka maji usiyokuwa nayo, na ikikaa juu ya udongo mkavu inaunguza. Wapo waliochoka wakatandika nyasi za plastiki. Sawa, ila jaribu kuzikanyaga pekupeku saa saba mchana.

Masika yakianza usikimbilie mbolea siku ya kwanza. Subiri udongo ulowe shubiri nzima, ndipo uchanganye samadi iliyooza na mchanga, utandaze nyembamba kiasi kwamba ncha za majani zinaonekana. Palipobaki kahawia wiki mbili tatu baada ya mvua, vuta kikonyo kimoja ukivunje: kikiwa cheupe na kigumu ndani, kivumilie, kikikatika kama bua kavu, ng'oa sehemu hiyo na upande vipando kutoka upande ulionona.