Mzee wa Benchi anajibu: Timu inataka kuvuka Busia

Ligi za mitaa zinafungwa, pesa za mchango zimeanza kuwasha watu mifukoni, na barua za mwezi huu karibu zote ni za safari. Nimechukua tatu. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake pia ni refu, mnivumilie.

SWALI: Habari Mzee. Mimi ni kepteni wa timu ya mtaa hapa Nyalenda, Kisumu. Tumechanga tangu mwaka uanze, kila mtu mia mbili Jumapili baada ya mazoezi, na Desemba tunataka kwenda Uganda siku tatu tuone chanzo cha Nile pale Jinja halafu tufike Kampala. Shida ni mwenyekiti, yeye anataka tucheze frendli mbili na wachezaji wanasema hii ni safari ya kujuana sio kambi. Halafu watatu hawana pasipoti, na mwingine hata kitambulisho hajapata. Na kuna kitmani wetu, yule wa kutunza jezi na mipira, wengine wanasema hakuchanga kwa hivyo abaki. Tufanye aje?

JIBU: Kepteni, naanza na kitmani kwa sababu hapo ndipo mmeniudhi. Huyo mtu ndiye anafua jezi zenu za matope ya Nyalenda, ndiye anajua goti la nani limefura na anamficha kocha, ndiye hubaki uwanjani akitafuta mpira kwa nyasi wakati nyinyi mshapanda boda. Sasa mnaenda safari ya kujenga timu na mnamwacha? Fare na kitanda chake mkigawanya kwa timu nzima hata bei ya sahani ya chips haifiki kwa kila mtu. Aende, na asibebeshwe mabegi ya watu huko, yeye pia yuko likizo.

Mwenyekiti namwelewa, anataka kurudi na picha ya timu mbili zimejipanga, aonyeshe waliochangia. Mpeni mechi moja. Moja tu, pale Jinja, na kipindi cha pili mchanganye, wenu watano waende kwao na wao walete watano kwenu, hapo ndio mtajua nani huongea na wenzake uwanjani na nani hupiga kelele tu. Mbili hapana. Hebu hesabu barabara, Kisumu mpaka Busia pale mpakani ni kama kilomita 110, Busia mpaka Jinja kama 120 zingine, halafu Jinja Kampala 80, na hiyo yote mko kwa kiti cha basi magoti yakigusa kiti cha mbele. Mchezaji akishuka hapo akimbizwe dakika tisini mara mbili ndani ya siku tatu, mtamaliza safari mkiuguza msuli wa mtu hospitalini. Na matokeo ya frendli msijali sana. Gor Mahia walienda Uingereza, Goodison Park, kucheza na Everton Novemba 2018 wakala nne bila, lakini uliza shabiki wa Kondele kuhusu hiyo safari uone vile anaisimulia, utadhani walirudi na kombe.

Pasipoti zisiwakoseshe usingizi. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho cha taifa, na Rwanda pia, kwa hivyo hao watatu wako sawa bora wabebe kadi yenyewe sio picha kwa simu. Mwenye shida ni yule hana kitambulisho kabisa. Aende ofisi ya uhamiaji hapo Kisumu mapema na cheti cha kuzaliwa aulizie hati ya muda ya kusafiria, na kama hajafika miaka 18 mzazi aandike barua ya ruhusa, sio kumpigia kocha simu tu. Nyote mchanjwe homa ya manjano. Cheti kinaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, ukichanjwa Alhamisi usafiri Jumamosi ni kama hujachanjwa, lakini ukishachanjwa ni ya maisha, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha hiyo sheria 2016. Basi nalo lina kadi yake ya njano, ile ya bima ya COMESA, jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwulizeni mwenye basi awaonyeshe kabla hamjalipa diposti maana bima ya hapa Kenya peke yake haivuki.

Busia yenyewe siku hizi si mbaya, maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja tangu kile kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi 2018. Pale mnaibiwa ni nje. Kuna vijana wa kubadilisha pesa watawafuata mpaka dirishani na mabunda mkononi, anakuhesabia mbele ya macho yako haraka haraka, kumbe kuna noti zimekunjwa katikati ili kila moja ihesabike mara mbili, na wewe unakuja kujua ukiwa Bugiri, ndani ya Uganda. Mweka hazina abadilishe za timu nzima mara moja, benki ama forex, achukue risiti. Shilingi moja ya kwetu inaleta zaidi ya ishirini za kwao, kwa hivyo mtajiona matajiri mpaka muulize bei ya soda.

Jinja sasa. Waambie vijana wasitegemee maporomoko kama ya kwenye kalenda. Yale maporomoko ya Ripon ambayo Speke, yule mpelelezi Mwingereza, aliyaona 1862 akasema hapa ndipo Nile inaanzia yalizama, bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954 maji yakapanda yakayafunika. Siku hizi bwawa linaitwa Nalubaale. Mnachofanya ni kupanda boti mnapelekwa pale Ziwa Victoria linageuka mto, maji yanaanza kuvuta boti na unayaona yakichemka kidogo juu kama sufuria iko karibu kupata moto, na kwa mtu aliyezaliwa kando ya hilo hilo ziwa akila mbuta yake kila wiki, kuona mahali linatokea kwenda mpaka Misri, mimi hiyo ilinishika. Kwa bustani kuna sanamu ya Gandhi, majivu yake kiasi yalimwagwa hapo 1948. Life jacket kila mtu avae, hata wale wa ufuo wa Dunga wanaosema wao ni samaki. Kukulia karibu na ziwa sio kujua kuogelea, nawajua wengi. Rafti ya kwenye maji makali wanaotaka wajilipie wenyewe, pesa ya timu isiguswe, na mwenye bega lililowahi kuteguka abaki ukingoni apige picha. Lakini asipige bwawa, hapo askari hawataki utani.

Kampala msijaze ratiba. Mkitoka Jinja mtapita msitu wa Mabira, pale Najjembe basi likisimama tu wauzaji wanakimbilia madirisha na kuku wa kuchoma kwa kijiti na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, mle hapo. Mjini muende msikiti mkubwa wa Old Kampala mpande mnara, mtaona vilima vyote, mtoke mkale rolex barabarani, chapati imeviringishwa na mayai ndani. Inatosha. Jioni moja iwe huru kabisa, hakuna mkutano hakuna hotuba, mwenyekiti hata akiwa na maneno mawili matatu ayameze.

Kitu cha mwisho ni vyumba. Msiache watu wachague, la sivyo wale watatu wa mtaa mmoja watalala pamoja na kula pamoja na kurudi vile walienda. Wewe kepteni andika majina kwenye vikaratasi, weka kwa kofia, kila mtu achomoe.

SWALI: Mzee shikamoo. Niko Nakuru, binti yangu ana miaka 15 anacheza mpira na akademi. Wanataka kuwapeleka Arusha wacheze kidogo halafu waone wanyama Ngorongoro. Wameniambia nipeane cheti chake cha kuzaliwa na nilipe, basi. Nipeane?

JIBU: Marahaba Mama. Usikipeane bado. Uliza kwanza mwanamke gani mzima anaenda na hao wasichana, jina na namba yake, na awe analala jengo moja nao, si nusu saa mbali kwa hoteli nyingine na makocha. Wakikwambia "tutaangalia", mtoto abaki nyumbani. Uliza jina la mahali pa kulala upige simu wewe mwenyewe. Tanzania haiko kwa ile mpango ya vitambulisho, huko ni pasipoti ama hati ya muda, hiyo waishughulikie na wewe ukiwepo, cheti kikitoka mkononi mwako wakusainie. Barua ya ruhusa yako iandike tarehe za kwenda na kurudi.

Na wakikutajia bei, uliza kama iko na magari ya kushuka krateri. Basi halishuki huko, ni magari ya 4x4, na watu wengi hulipa safari wakifika juu wanaambiwa waongeze. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni kidogo sana ukilinganisha na cha wageni wengine, lakini lazima aonyeshe yeye ni wa hapa, kwa hivyo hizo karatasi zibaki kwa begi la mkononi, sio chini ya basi na mipira.

SWALI: Bwana yangu anacheza timu ya wazee hapa Kakamega. Kila mwaka lazima waende Kampala wikendi, ati ni bonding. Hawajawahi kurudi na matokeo ya mechi hata moja. Niamini?

JIBU: Dada, timu ya wazee kutokukumbuka matokeo ni kawaida, wengi wao baada ya dakika ya ishirini wanatafuta hewa tu. Mimi singeanza na matokeo, ningeanza na viatu. Mtu aliyecheza anarudi na buti zina matope ama vumbi la nyasi, soksi zinanuka mpaka paka anahama. Akirudi buti ziko vile ulizipaki, mwambie mwaka ujao timu iwe ya familia, muende nyote na watoto, mkalale Jinja. Mwenye safari ya kweli atalalamika bei ya basi. Akilalamika kitu kingine, niandikie tena.