Geji za mshale au za namba kwa Hilux ya mizigo: niliyoyaona mimi hapa Pemba

Assalamu alaykum. Ndugu yetu wa Mtambile ameuliza. Ana Hilux ya dizeli anayopakilia mizigo, mshale wa joto wa kiwandani haumwambii kitu, na anataka kuongeza geji ya joto na ya presha ya oili. Fundi wake anamwambia afunge zile za mshale zisizotumia umeme. Muuza spea wa Unguja anamwambia hizo za kizamani, achukue za digitali. Afunge zipi?

Nimetumia aina zote mbili kwenye gari moja, kwa hivyo naanza na siku niliyounguza hedi (kichwa cha injini), maana jibu langu lote limetoka hapo.

Nilikuwa na Hilux ya injini 3L, na juu ya dashibodi nimefunga geji ya joto ya mshale, nzuri kabisa. Siku hiyo natoka Konde na mzigo wa makonyo ya karafuu naupeleka kiwandani Wawi, jua la saa saba. Njia nzima mshale umekaa 85. Kwenye mlima mmoja ukapanda 95, kisha 105, nikasema nikifika juu nitasimama. Kabla sijafika, mshale ukaanza kushuka wenyewe: 100, 90, 70. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na safari. Baada ya kilomita mbili tatu injini ikaishiwa nguvu, ikagonga, ikazima. Kufungua boneti, mpira wa chini wa rejeta umepasuka na ndani hamna hata tone la maji. Hedi ilikuwa na ufa. Nyengine ilikuja kwa meli kutoka Dar, na gari ikalala zaidi ya mwezi mmoja katikati ya msimu wa karafuu.

Geji ilikuwa nzima. Ile ncha yake ya shaba inapima kinachoigusa tu. Maji yalipokwisha ikabaki kwenye hewa na mvuke, ambavyo havipitishi joto kama maji, ikawa inaonesha gari imepoa wakati chuma kinaungua. Geji ya digitali yenye sensa iliyokaa pahala pale pale ingenidanganya vile vile. Kwa hivyo ndugu yangu, kabla hujachagua mshale au namba, jiulize sensa itakaa wapi na ikipata hitilafu itaonesha nini.

Sasa tuje kwenye geji zenyewe. Ya mshale ndani ina bomba bapa lililokunjwa, ambalo presha ikiingia linataka kunyooka, na huko kunyooka ndiko kunakosogeza mshale. Ni ufundi wa Mfaransa Eugène Bourdon, tangu 1849. Ya oili inaletewa oili yenyewe kwa kijibomba chembamba kutoka kwenye bloku ya injini. Ya joto ina ncha yenye kimiminika chepesi kinachogeuka mvuke kikipata joto, na mvuke huo unasukuma kupitia kijibomba cha shaba hadi kwenye geji. Betri ikifa inasoma, waya ukikatika inasoma. Raha yake nyengine ni kwamba mshale unazunguka karibu duara zima, kwa hivyo digrii tano unaziona. Izungushe kwenye kibati chake hadi joto la kawaida liwe mshale umesimama wima. Hapo huhitaji kusoma namba, ukiona umelala tu unajua kuna jambo.

Ubaya wake ni kijibomba. Cha joto hakikatwi wala hakiungwi. Kikipindika vibaya au kikisuguana na bodi hadi kikatoboka, geji nzima ya kutupa. Cha oili nacho, kama ni cha plastiki kile kinachokuja bure kwenye paketi, kitupe siku hiyo hiyo uweke cha shaba, au mpira wa haidroliki wenye wavu wa chuma. Kikipasuka ndani ya gari, oili ya moto inamwagikia miguuni mwako. Na geji ya presha ya mafuta ya kuendeshea gari usiilete ndani kabisa kwa bomba, iwe dizeli au petroli.

Za umeme na za digitali, adui yake hapa kwetu ni chumvi. Sisi tunaokaa karibu na pwani tunaijua ile kutu ya kijani kwenye viungio vya waya. Sensa nyingi za joto zinafanya kazi kwa ukinzani (kule kuuzuia umeme usipite), joto likipanda ukinzani unashuka. Kutu inaongeza ukinzani. Yaani kiungio kikioza, geji inasoma gari imepoa. Inakosea kwa upande ule unaoua injini, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Sensa ya waya mmoja inategemea ethi ya injini (chuma chenyewe ndiyo njia ya hasi), na nimewaona mafundi wakizungushia tepu nyeupe ya bomba kwenye nyuzi zake, ethi inapotea, kisha geji inasingiziwa mbovu. Ukinunua ya digitali, tafuta ambayo sensa yake ina waya wake wa hasi, viungio vipake grisi, na ethi ivute moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kioo chake mchana wa jua kali hakisomeki vizuri, usiku kinaumiza macho kama hakina cha kupunguza mwanga.

Lakini ya digitali ina kitu kimoja ambacho ya mshale haina, nacho ni kelele. Barabara zetu zina kona, milima, watoto wa skuli, baskeli na gari za ng'ombe. Dereva anayeziangalia vizuri hana muda wa kukodolea geji. Digitali inayolia ikifika joto ulilolipanga inakuita wewe.

Kwa hivyo baada ya ile hedi nikafanya hivi. Kwa joto nina digitali yenye king'ora, na sensa yake ni ile ya pete, inabanwa na bolti ya pembeni kwenye hedi yenyewe. Inapima chuma, maji yawepo yasiwepo. Usifungue bolti zinazokaza hedi kwa ajili yake. Tafuta bolti ndogo ya kibano iliyofungwa kwenye chuma cha hedi. Nikaendesha wiki moja nikiangalia inasoma ngapi nikiwa na mzigo mlimani, kisha nikapanga king'ora digrii 10 juu ya hapo. Kwa oili nimebaki na ya mshale, bomba la shaba, maana presha ya oili naitaka hata umeme wote ukizima. Voltimita ni ya namba, ya bei rahisi, inatosha: injini ikinguruma uone kama 13.8 hadi 14.4.

Geji yoyote ya joto ya kwenye maji ijaribu kabla hujaifunga. Chemsha maji kwenye sufuria, tumbukiza sensa. Kisiwa chetu hakina mlima wa kubadilisha hesabu, maji yanachemka kwenye 100. Mimi nimeshakuta mpya inayosoma 88.

Na swichi ya kiwandani ya taa ya oili usiitoe, ifungie tii (kiungio cha njia tatu) ikae pamoja na geji. Ila usining'inize tii na vikorokoro vyote juu ya bloku. Dizeli inatikisika na shaba inakatika kwenye shingo, oili inamwagika yote barabarani. Toa kwa mpira mfupi, tii uifunge kwenye bodi, na swichi ya waya mmoja ikikaa huko uhakikishe bodi ina ethi nzuri.

Angalia na nyuzi. Tundu la Toyota ni 1/8 ya Kijapani, nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi za soko la Marekani zinakuja na 1/8 NPT, nyuzi 27. Kwa vidole zinaingia, utadhani zinaoana, ukikaza spana unakula nyuzi za bloku. Kwenye paketi tafuta maandishi PT au BSPT, ndizo hizo za nyuzi 28. Ukiona NPT, nunua na adapta yake kabla hujatoka dukani.