Fangasi kaalikwa, kiduha kadoea

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Shamba langu limejaa kiduha. Maua yake ya zambarau yanapendeza, ila mahindi yamedumaa. Nilitaka kumwaga dawa ya fangasi, kijana wangu anayesoma chuo cha kilimo akanizuia, eti kuna fangasi wazuri kwenye mizizi ya mahindi. Kwani kiduha chenyewe si fangasi? – Mama Neema, Misungwi

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Kiduha ni mmea kamili, kina majani ya kijani, maua na mbegu. Ng'oa taratibu mche wa mahindi uliodumaa, suuza mizizi kwenye ndoo, utaona mzizi wa kiduha umeganda kwenye wa mahindi. Hapo ndipo kinaponyonyea maji na chakula. Fangasi wa kijana wako huwaoni hata ukikodoa macho. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zimeingia ndani ya mzizi na kutambaa udongoni. Nao hula sukari ya mahindi, lakini hulipa: huyaletea kirutubisho cha fosforasi kutoka mahali mizizi isikofika.

Kinachoniudhi ni hiki. Mahindi yakikosa fosforasi hutoa mizizini kemikali iitwayo strigolaktoni kuwaita fangasi hao, jambo lililogunduliwa na Wajapani mwaka 2005. Kumbe kemikali hiyohiyo ndiyo inayoamsha mbegu ya kiduha, ambayo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10! Mahindi yanaalika mgeni mmoja, na mdoezi naye ananawa mikono.

Ndiyo maana ardhi iliyochoka hujaa kiduha: mahindi yenye njaa huita zaidi. Anza na samadi. Kuking'oa usingoje maua yakomae, maana mche mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi. Ulichong'oa kikiwa na maua kichome, usikitupe mpakani kwa jirani. Tena nikwambie ukweli, kikishachomoza, mahindi ya msimu huu yameshaumia. Unaokoa ya mwakani.

Ukipata mbegu za desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, panda katikati ya mistari. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, upande wa Kenya wa ziwa letu la Victoria, wameitumia miaka mingi: mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia kushika mahindi, zikafa. Ng'ombe nao wanaipenda.

Dawa ya fangasi rudisha dukani kama wanapokea. Kiduha haitakigusa.