Maharage makavu kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni
Dada, umeuliza kama mwanao anaweza kupewa beseni la maharage makavu achezee kwa mikono: hapana. Kwa mtoto mwenye usonji ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, beseni la maharage makavu usimpe, hata kama umekaa naye. Kukabwa ni sekunde tu, na punje ikiingia puani inavimba kwa unyevu, kuitoa ni kazi ya daktari. Halafu maharage mekundu mabichi yana sumu: hata manne matano yanaweza kumtapisha, mpaka yachemke vizuri ndiyo inaisha. Wangu ana miaka 6, na likizo hii ya Juni hapa Moshi nampa tambi zilizochemshwa zikapoa. Anaziponda huku anacheka peke yake (sakafu usiulize). Maji pia, ila ya vuguvugu, baridi ya mwezi huu mnaijua, na usimwache nayo hata dakika. Akikataa kugusa usimshike mkono kwa nguvu, mpe kijiko kwanza. Ila kama anakula hadi udongo na mawe, mpeleke apimwe damu, maana upungufu wa madini ya chuma unaweza kuleta hamu hiyo.