Supu ya mifupa, unga wa ubongo na mtoto wa miezi minane

SWALI: Mtoto wetu ana miezi minane, ananyonya na ameanza kula uji. Baba yake amesikia kwenye simu kwamba binadamu alipata ubongo mkubwa pale mababu walipoanza kula nyama na uboho. Sasa anataka tuache uji, mtoto apewe supu ya mifupa kila siku, na amenunua stendi kopo la unga "wa kujenga ubongo". Anasema uji ndio unaowadumaza watoto wa huku kwetu. Nifuate lipi? (Mama Furaha, Makambako)

JIBU: Mama Furaha, uji usiache, na hilo kopo liweke pembeni. Swali lako nakutana nalo karibu kila siku ya kliniki, ila zamani lilikuja na maneno ya bibi, siku hizi linakuja na maneno ya sayansi.

Baba Furaha hajadanganywa moja kwa moja. Zamadamu walioishi Afrika miaka milioni 3 iliyopita walikuwa na ubongo wa sentimita za ujazo 450 hivi. Wetu unafika kama 1,350. Katikati hapo nyama na uboho viliingia kwenye mlo, na mifupa yenye alama za kukatwa kwa mawe imefukuliwa, Olduvai ikiwemo. Lakini nyama haikuja peke yake. Mwaka 2022 watafiti walipopitia upya ushahidi wa Afrika Mashariki, hawakuona kwamba ulaji wa nyama uliongezeka mfululizo baada ya Homo erectus, aina ya binadamu wa kale, kutokea. Ulionekana mwingi pale palipochimbwa sana. Wengine wanaupa uzito moto na upishi, wengine mizizi yenye wanga. Mate yetu yana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na binadamu ana nakala nyingi za jeni yake kuliko sokwe. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanawinda, ndiyo, lakini wanachimba mizizi pia, wanakula ubuyu, matunda na asali. (Asali usije ukampa mtoto chini ya mwaka mmoja, hata kama mababu waliipenda.)

Tena mambo hayo yalichukua maelfu ya vizazi. Waliochonga zile zana za mawe za Isimila, hapo nje ya mji wa Iringa, hawakula kiboko Jumatatu wakazaa mtoto mwenye akili Jumanne. Habari za ubongo wa binadamu kukua kwa miaka milioni hazigeuki kuwa maelekezo ya kulisha mtoto mmoja wiki hii.

Sasa supu. Hapa ndipo ninapochoka. Nyumba baada ya nyumba naona jambo lile lile: nyama inachemshwa, mtoto anawekewa maji yake kwenye kikombe, minofu inaingia kwenye sahani ya baba. Wote wanaamini kwamba "nguvu" imehamia kwenye supu. Haijahamia. Protini, madini ya chuma na zinki vimebaki kwenye mnofu. Kwenye kikombe kuna maji ya moto, mafuta kidogo, chumvi na harufu nzuri. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, kama kikombe kimoja tu. Ukilijaza supu, chakula chenyewe hakina pa kuingia.

Na ubongo unakula sana. Kwa mtu mzima ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Kwa mtoto mdogo sehemu hiyo inapita nusu. Nishati hiyo ni sukari inayotokana na wanga, yaani uji ule ule anaotaka kuuondoa. Tatizo la uji wa huku ni kuwa mwepesi na mtupu. Chota kwa kijiko, kiinamishe: ukidondoka kama maji, haujafaa. Upike mzito, utie karanga zilizosagwa au maziwa. Kwenye mlo mwingine mpondee parachichi, maharage, yai au usipa wa Kyela uliosagwa. Nyama mpe kabisa, imepondwa hadi inalainika, vijiko viwili vinatosha kuanzia. Maini mara moja kwa wiki. Na unyonyeshe.

Iringa, mkoa unaolisha nchi, zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wana udumavu kwa takwimu za 2022, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Chakula kipo shambani, kinauzwa, mtoto anabaki na ugali na mboga moja. Kwenye pengo hilo ndipo anapoingia mwenye kipaza sauti stendi. Leo unga wa ubongo, kesho matone ya akili, keshokutwa unga wa lishe wenye nafaka kumi na mbili na soya isiyokaangwa vizuri, inayomvuruga mtoto tumbo. Muulize kilichomo ni nini na kwa kiasi gani, atakujibu kwa ushuhuda wa mteja.

Kinachoharibu ubongo wa watoto wa nyanda za juu hakina mpiga debe. Udongo wa milimani una madini joto kidogo, ndiyo maana zamani rovu, ule uvimbe wa shingoni, lilikuwa jambo la kawaida huku. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto unaumia kabla hajazaliwa, na hakuna unga unaorudisha hilo. Hata hivyo bado naona chumvi ya kupimwa kwa kopo, isiyo na pakiti, inanunuliwa kwa kuwa imepungua bei shilingi mia. Tukidondoshea tone la kipimo, yenye madini joto inageuka bluu ya zambarau. Nyingi ya hizo zinabaki nyeupe vile vile. Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, ifunike vizuri, itie chakula kikikaribia kuiva. Hiyo ni kwa ajili yako na jikoni kwako, siyo ya kunyunyizia uji wa mtoto. Yeye atayapata kwenye maziwa yako. Na mimba nyingine ikija, nenda kliniki mapema, ukachukue na vidonge vya kuongeza damu.