Vile vidonge vitamu vya homa: mimi nilivitumia misimu miwili

Dada, umeuliza kama vile vidonge vyeupe vya homiopathi ulivyouziwa kwa shilingi 1,800 vitamwondolea mtoto wako wa miezi 9 homa hii ya Julai, na kama unaweza kumpa hivyo tu bila kupitia hospitali. Naona wengine wamekujibu kwa kukucheka. Mimi sina uso wa kumcheka mtu, kwa sababu nilinunua.

Mimi ni fundi cherehani, Kawangware, kibanda cha mabati. Baridi ya kuanzia Juni mnaijua: jua linapotea wiki nzima, matatu imefunga madirisha yote, mmoja anakohoa kiti cha nyuma, na kufika keshokutwa mnakohoa nyote kumi na wanne. Mwaka ule nilishikwa mara tatu kabla Agosti haijaisha. Mteja mmoja akanielekeza kwa "daktari wake" wa homiopathi.

Ile saa ya kwanza niliipenda, siwezi kudanganya. Aliniuliza kamasi ni maji au ni nzito. Inachoma hapa juu ya mdomo? Nikiwa na homa nataka kujifunika au kujifunua? Nalalia ubavu gani? Nikiumwa nataka kubembelezwa au niachwe peke yangu? Ndugu zangu, mimi nimezoea kupanga foleni zahanati tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikifika mbele naandikiwa kabla sijakaa vizuri. Nilitoka kwa yule mtu nimepona nusu na bado sijameza kitu.

Kwa vile pua ilikuwa inatiririka na kuchoma, nilipewa Allium cepa. Nilikuja kujua baadaye kwamba hicho ni kitunguu, kile kile cha mama mboga. Hoja ya watu wa homiopathi ni kwamba kitu kinachomletea mzima dalili fulani humponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Kitunguu kinakutoa machozi na kamasi, basi ndicho dawa ya kamasi. Aliyeanzisha haya ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 alikula gome la mti unaotoa kwinini, akahisi kama ameshikwa na malaria, na 1796 akaitangaza kanuni yake. Kwinini kweli inatibu malaria, lakini ni kwa sababu inaua vimelea, si kwa sababu inaleta dalili kama za malaria.

Kumbe hata hicho kitunguu hakimo. Angalia chupa yako, huenda utaona imeandikwa 30C. Maana yake wanachukua tone moja la dawa, wanalitia kwenye matone 99 ya maji au spiriti, wanatikisa kwa kugonga. Wanachukua tone moja la huo mchanganyiko, wanatia tena kwenye 99. Mara thelathini, kisha wanadondoshea vidonge vya sukari. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Bwawa la Ndakaini likijaa lina maji mita za ujazo milioni 70. Ukidondosha humo tone moja la maji ya kitunguu ukakoroga vizuri, umefika hatua ya 7, haujamaliza ya 8. Bado una zaidi ya hatua ishirini. Kupita hatua ya 12 hivi, uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya kitunguu ni mdogo sana. Iko nyingine maarufu ya mafua, ya ini na moyo wa bata, hiyo imefika hatua ya 200. Bata mmoja anatosha dunia nzima na nyama inabaki.

Lakini ulipona, utasema. Nilipona, siku ya nane. Homa ya kawaida huisha ndani ya siku saba hadi kumi umeze usimeze. Halafu nilikuwa nimeambiwa nisinywe kahawa, nisitumie dawa ya meno yenye mnanaa, nisivishike vidonge kwa mkono, nivimimine kwenye kifuniko kisha chini ya ulimi. Mtu akifuata masharti namna hiyo hana budi kuamini. Nikawaambia watu wa plot nzima.

Msimu uliofuata kijana wangu akashikwa, ana mwaka na miezi miwili. Nikampigia yule mtu, akanipa vidonge kwa simu. Siku ya tatu mtoto amezidi, hanyonyi, na kifua kinaenda mbio. Nikapiga tena. Jibu lake sitalisahau: "Hiyo ni dawa inafanya kazi. Lazima dalili zizidi kwanza ndiyo ziishe." Na hayo si maneno aliyojitungia, ni mafundisho yao kabisa. Hapo ndipo ugomvi wangu nao ulipo, si kwenye sukari. Sukari kidogo hiyo haimdhuru mtu. Lakini mzazi akishafundishwa kwamba kuzidiwa ni dalili njema, ataondoka nyumbani saa ngapi?

Shosho yake ndiye aliyetuondoa. Alimwinua shati, akatazama, akasema, "Huyu mbavu zinaingia ndani. Vaa viatu." Nesi wa zahanati alimlaza mapajani mwangu akiwa ametulia, akashika saa, akahesabu pumzi dakika nzima bila kusema neno. 52. Akaniambia mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40 kwa dakika ni hatari, na huyu alikuwa na nimonia. Akapimwa hewa kwa kile kibanio cha kidole, akapewa antibiotiki ya amoksilini ya kuyeyusha. Siku ya pili usiku alinyonya.

Msinielewe vibaya, wenye kemisti nao wana yao. Yule anayekuuzia antibiotiki kwa kila kamasi anakuibia vilevile, maana homa ya kawaida ni virusi. Siku hizi nikishikwa mimi ni tangawizi, limau, asali, panadol mwili ukiuma, na kulala mapema. Mtoto namsafisha pua kwa maji ya chumvi. Jiko la makaa likishapika linatoka nje, hata baridi iwe vipi. Ule moshi usioonekana unaua watu usingizini.

Kuhusu pesa yako, sahau, mimi nilijaribu kudai nikaambiwa sikufuata masharti. Vidonge viweke kabatini au tupa, ila visichukue nafasi ya zahanati. Asali usimpe mpaka apite mwaka. Na kwa miezi 9 hesabu yako si 40, ni 50. Akisinzia usiku huu mfunue kifua, washa saa ya simu, hesabu dakika nzima. Ikifika 50, au mbavu zinaingia ndani, au amekataa kunyonya, ondoka usiku huo huo. Ikiwa chini, andika hapa umepata ngapi, niko macho nashona sare za shule.