Kompyuta inadai ufunguo wa faili: maswali yenu na majibu

Siku hizi maswali mengi mnayonitumia yanafanana. Kompyuta ya nyumbani, ambayo hakuna aliyeiagiza ifunge chochote, inaanza ghafla habari za kusimba faili, yaani kuzifunga zisisomeke bila ufunguo. Nimechagua matano.

Kijisanduku kimetokea pembeni mwa skrini, kinaniambia nihifadhi nakala ya ufunguo wa kusimba faili. Mimi sijasimba kitu. Ni virusi?

Yaelekea siyo. Ujumbe huo ni wa Windows yenyewe, na hutokea faili ya kwanza inaposimbwa kwa EFS, mfumo wa Windows wa kusimba faili mojamoja, uliokuja na Windows 2000. Si lazima uwe umeamua mwenyewe. Folda moja ikishawekewa alama ya kusimba, kila faili utakayoitia humo inasimbwa, na zipo programu zinazosimba faili zake kimyakimya.

Usikifunge kijisanduku kabla hujajua ni faili zipi. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika cipher /u /n, utapewa orodha. Au tazama ikoni: katika Windows 10 na 11, faili iliyosimbwa ina kufuli dogo kwenye kona. Kama hukutaka zifungwe, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake (Properties), kisha mipangilio ya ziada (Advanced), uondoe tiki ya kusimba. Kama unataka zibaki hivyo, kubali kuhifadhi ufunguo. Utapata faili ndogo inayoishia na .pfx, nawe utaiwekea nenosiri. Iweke kwenye flashi, na flashi uichomoe. Ufunguo ukikaa kwenye diski ileile, diski ikifa umepoteza vyote viwili.

Nilipuuza ujumbe huo, baadaye nikapiga Windows upya. Picha za wanangu naziona, majina yapo, ukubwa upo, lakini hazifunguki. Nifanyeje?

Pole sana. Swali hili ndilo lililonifanya niandike safu ya leo. Hata ukitumia jina lilelile na nenosiri lilelile, kwa Windows mpya wewe ni mtu mwingine, maana ufunguo ulikuwa ndani ya akaunti ya zamani. Watu watakuambia ujipe umiliki wa faili. Haitasaidia: ruhusa ni jambo moja na usimbaji ni jingine.

Lakini usikate tamaa mapema. Acha kuitumia hiyo kompyuta, kisha tazama kama kuna folda ya Windows.old. Ikiwepo, inakili yote kwenye diski ya nje leo hii, kwa sababu kwa kawaida Windows huifuta yenyewe baada ya siku kumi. Huenda ufunguo wako umo humo, na fundi wa kuokoa data anaweza kuutoa mradi unalikumbuka nenosiri la zamani. Liandike kabla hujalisahau. Pekua pia flashi za zamani, simu, na barua pepe ulizowahi kuambatisha picha hizo, kwa kuwa faili iliyotumwa kwa barua pepe hufika bila usimbaji. Ikiwa diski iliformatiwa na hakuna nakala popote, sitakudanganya: hazitafunguka, na anayekuahidi vinginevyo kwa malipo ya mbele anatafuta pesa yako.

Baada ya kusasisha BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta), skrini ya bluu inataka tarakimu 48. Sikuwahi kupewa tarakimu zozote!

Hiyo ni BitLocker, mfumo wa Windows unaosimba diski nzima. Kompyuta ina chipu inayotunza ufunguo wa diski na kuutoa pale tu mambo ya kuwashia yakiwa yaleyale. Ukigusa BIOS au ukibadilisha ubao mkuu, inasita na kukuuliza. Usibahatishe. Chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako ya Microsoft, ulinganishe herufi nane za mwanzo za kitambulisho kilichopo kwenye skrini. Zikilingana, nakili makundi yote manane ya tarakimu sita sita. Usipoukuta, muulize aliyeiwasha kompyuta hiyo mara ya kwanza, kwani mara nyingi ufunguo umelala kwenye akaunti yake. Microsoft wenyewe hawawezi kukutengenezea mwingine.

Na ni kweli huenda hukuombwa ridhaa. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, kompyuta iliyowekewa mfumo upya kwa akaunti ya Microsoft hujisimba yenyewe. Wewe ambaye kompyuta yako bado inawaka vizuri, ingia kwenye anwani hiyo sasa na uandike ufunguo wako kwenye karatasi.

Ukurasa wa intaneti umejaa skrini nzima, unapiga kelele kwamba faili zangu zimefungwa nipige namba fulani.

Usipige. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja upate orodha ya programu zinazoendeshwa, chagua kivinjari, kifunge, na kikikuuliza kama kirudishe kurasa, kataa. Kisha fungua picha yako yoyote. Ikifunguka, ukurasa ulikuwa uongo.

Faili zote zimepata mkia wa ajabu kwenye majina, na kuna barua inadai bitikoini.

Huyu sasa ni mwizi kweli. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, chomoa diski ya nje, mara moja. Usifute kitu. Hifadhi ile barua na faili mbili tatu zilizofungwa, kisha kwa kutumia kompyuta nyingine nenda nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni mbili za usalama. Wanatambua aina ya shambulio na kutoa bure vifungulio vilivyokwisha kupatikana. Kama chako hakijapatikana, zitunze faili, maana vingine hupatikana baadaye. Kulipa sikushauri, kwani wapo waliolipa na hawakurudishiwa kitu.

Na sasisho msiziahirishe. Virusi vya WannaCry vilipozifunga kompyuta duniani Mei 2017 na kudai malipo, kiraka cha Windows cha kuziba tundu vilimopitia kilikuwa kimetoka tangu Machi.